Uvimbe wa Ute katika Kidole Tumbo: Utolewe Mzima

Kidole tumbo hujulikana zaidi kwa kuvimba ghafla. Upo, hata hivyo, ugonjwa wake mwingine, ulioelezwa na Karl von Rokitansky mwaka 1842, ambao hukua kimyakimya. Njia ya kidole tumbo huziba, au seli za ukuta wake wa ndani huota isivyo kawaida. Ute hujikusanya, na kiungo hutanuka mfano wa puto. Kitaalamu huitwa mukosili. Ni nadra: huonekana katika chini ya asilimia 1 ya vidole tumbo vinavyoondolewa.

Wagonjwa wengi hawana dalili yoyote. Wengine huhisi maumivu hafifu chini ya tumbo upande wa kulia. Kwa wanawake hudhaniwa kuwa uvimbe wa ovari. Hivyo mpimaji wa ultrasaundi azitafute kwanza ovari zote mbili. Kidole tumbo chenye upana wa milimita 15 au zaidi, chenye matabaka kama ya kitunguu, kitiliwe shaka. CT skani huonyesha mipaka ya uvimbe, na wakati mwingine chokaa ukutani mwake.

Uvimbe huo usichomwe sindano. Ute wenye seli ukimwagika, seli hizo hushika kwenye utando wa tumbo na kuendelea kutoa ute kwa miaka, hata tumbo likajaa na utumbo ukabanwa. Kuutibu ugonjwa huo huhitaji upasuaji mkubwa mno kuliko ule wa awali.

Kwa sababu hiyo, daktari wa upasuaji hukishika kiungo kwa upole na kukitoa kizima, ndani ya mfuko iwapo anatumia laparoskopi. Shina likiwa salama, kuondoa kidole tumbo kwa kawaida hutosha. Likiwa limeathirika, hukatwa pamoja na sehemu ya mwanzo wa utumbo mpana. Saratani ikithibitishwa, huenda upande wote wa kulia wa utumbo huo ukaondolewa.

Kila kidole tumbo kilichotolewa kipelekwe maabara ya patholojia, kwa kuwa macho pekee hayatofautishi uvimbe salama na saratani. Nawe mgonjwa, usiridhike na kupona kwa kidonda. Rudi uyaulize majibu hayo. Ndiyo yatakayoamua kama matibabu yamekwisha, au kama utahitaji kuchunguzwa utumbo mpana na kufuatiliwa kwa muda mrefu.