Kipande cha Kitunguu

Wazazi wenzetu wa Pumwani na Eastleigh, binti akiomba kipande cha kitunguu kwa ajili ya somo la Baiolojia, tusimkemee kuwa anachezea chakula. Ngozi nyembamba iliyo baina ya matabaka yake, ikitiwa tone la iodini na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha seli zilizopangika kama matofali, kila moja na ukuta wake. Ukuta huo huusaidia mmea kusimama bila mifupa. Seli za ndani ya mashavu yetu hazina ukuta, zina utando laini tu. Lakini kiini zote zinacho. Sisi madrasani tulifundishwa kuwa ndani ya nafsi zetu mna ishara za Muumba, hadubini hatukuiona. Binti ameipata. Tumpe kitunguu.