Virusi imetoka, lakini intaneti haitembei



Wakati wa mavuno ya kahawa yaliyopita tulipanda hadi kwenye koperative moja ya teritware ya Kalehe kwa kazi yetu ya kawaida: kupima unyevu wa kahawa parche na kuangalia meza za kukaushia. Hatukufika kwenye meza. Mama kontabule alitushika pale mlangoni pa biro. "Ba-ingenieri, mashini yetu waliiponesha juma lililopita, lakini ingali mgonjwa. Muangalie ile kwanza, kahawa itangoja."

Alikuwa na haki ya kutushika. Mnunuzi wao wa Ulaya alikuwa ameomba liste ya mashamba yote, kila shamba na vipimo vyake vya GPS. Hii inatokana na sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ile inayokataza kuingiza kule kahawa au kakao iliyolimwa mahali ambapo msitu ulikatwa kisha tarehe 31 Desemba 2020. Vijana wa koperative walizunguka vilima miezi mingi na simu mkononi, mvua na jua, wakipima shamba kwa shamba. Liste ilikuwa tayari ndani ya mashini. Ukurasa wa mnunuzi ulifunguka siku moja, siku nyingine ukakataa. Na hata ukifunguka, kifungo cha kutuma, unafinya, unafinya tena, hakuna kitu. Bila liste, kahawa haitoki. Kahawa isipotoka, malipo ya pili ya memba hayafiki.

Ugonjwa wenyewe uliingia kwa njia ambayo wengi wenu munaijua. Flashi ilitumwa mjini kwenda kutolesha makaratasi, ikarudi na virusi ile inayoficha fishie zenu na kuweka mahali pake picha ndogo zinazofanana nazo. Ukifinya ile picha, wewe mwenyewe ndiwe unaiamsha virusi. Kijana mmoja wa mtaa aliweka antivirusi, akasafisha, antivirusi ikaandika sifuri. Alifanya kazi nzuri, tusimseme vibaya. Lakini kazi ilikuwa imefika paka katikati.

Muangalie namna hii. Mtu anakuja usiku anageuza mfereji wako wa maji uende kwenye shamba lake. Asubuhi munamfukuza. Amekwenda, ndiyo, lakini maji je? Maji yanaendelea kupita kule alikoyageuza, mpaka mtu achukue jembe arudishe udongo. Virusi nyingi za mashini zinafanya vile vile. Zinabadilisha mipango ya kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti kama Chrome ao Firefox, na mipango ya mashini yenyewe. Antivirusi inaua mwizi. Mara nyingi hairudishi mfereji.

Hili halitupati sisi peke yetu huku vijijini. Mwezi wa Novemba 2011 polisi ya Marekani, FBI, pamoja na polisi ya Estonia walikamata kundi la watu walioeneza virusi iliyoitwa DNSChanger. Iliingia katika mashini zaidi ya milioni 4, katika inchi zaidi ya 100. Kazi yake ilikuwa kugeuza mahali ambapo mashini inauliza njia ya kufika kwenye ukurasa. Wezi walipokamatwa, mashini zile ziliendelea kuuliza njia kule kule kwa wezi. Ikabidi tribinali iruhusu seva zingine safi ziwekwe mahali pa zile za wezi, ili watu wasikose intaneti kwa mara moja. Seva zile zilizimwa tarehe 9 Julai 2012, na yule ambaye hakuwa amerudisha mipango yake alijikuta bila intaneti, hata kama virusi ilikuwa imekwisha kusahaulika.

Basi tukaketi mbele ya mashini ya mama kontabule. Kwanza tulifanya kama tunavyofanya shambani tukikuta majani ya njano: ni kilima kizima kinaumwa, ao mstari mmoja? Tulifungua ukurasa ule ule kwa simu, kwa intaneti ile ile ya biro. Ukafunguka vizuri. Kwa hiyo intaneti si mgonjwa, mashini ndiyo mgonjwa. Kisha tukajaribu kivinjari cha pili ndani ya mashini ile ile. Hicho nacho kilikataa, kwa hiyo ugonjwa haukuwa katika Chrome peke yake. Majaribio haya mawili hayahitaji elimu, yanakula mega kidogo tu, na yanaokoa siku nzima ya kutafuta mahali pasipofaa.

Kitu cha kwanza tulichokiona kilitushangaza kwa udogo wake: tarehe. Chini upande wa kuume wa skrini, mashini iliamini kwamba tuko miaka mingi nyuma. Batiri ndogo ya duara ndani ya mashini, kwa nyingi ni ile yenye jina CR2032, ilikuwa imekufa, na kila mara umeme wa jua unapokatika saa inapotea. Hii inagusa usalama moja kwa moja. Ukurasa wa benki ao wa mnunuzi unaonyesha kivinjari cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashini ikiwa na tarehe ya uongo, cheti kizuri kinaonekana kibaya, na kivinjari kinaandika kwa rangi nyekundu kwamba ukurasa si salama.

Mama kontabule alituambia alichofundishwa: "Kikiandika vile, unafinya kwa chini, unaendelea tu." Hapa tuliacha kazi tukazungumza kidogo. Mtu akizoea kuendelea kila mara kwa sababu saa ni mbaya, siku ukurasa utakapokuwa wa mwizi kweli ataendelea vile vile, na atampa neno la siri la benki kwa mkono wake mwenyewe. Rekebisha saa kwanza. Onyo likibaki wakati saa iko sawa, usiendelee. Batiri ile inauzwa kwa feza kidogo, na fundi anaibadilisha upesi.

Saa ilipokaa sawa, nusu ya kurasa zilirudi. Zingine zikaandika kwamba seva proksi haijibu. Hapo tuliukuta mfereji wenyewe. Tulifungua «Paramètres» ya Windows, kisha «Réseau et Internet», kisha «Proxy». Proksi ilikuwa imewashwa, na anwani yake ilikuwa 127.0.0.1. Namba hiyo maana yake ni mashini yenyewe. Virusi ilikuwa imejiweka mlangoni: kila ulichoandika kilipita kwake kabla ya kutoka. Antivirusi ilipoiua, mlango ukabaki pale bila mlinzi, na kivinjari kikaendelea kubisha hodi kwa maiti. Tukazima proksi. Koperative nyingi hazihitaji proksi hata kidogo. Ila ikiwa biro yenu iko ndani ya shirika kubwa lenye fundi wake, muulizeni yeye kabla ya kuzima.

Kuna fishie moja pia, inaitwa hosts, katika C:\Windows\System32\drivers\etc. Virusi zingine zinaandika humo ili ukitafuta ukurasa wa antivirusi usifike, ao ukitafuta benki ufike kwingine. Mistari inayoanza na alama # haina kazi yoyote, musiiogope. Ile ya kalehe ilikuwa safi, tukapita.

Sasa kile kifungo. Kurasa zote zilikuwa zinafunguka, lakini kifungo cha kutuma kilibaki kama jiwe. Kurasa za leo zina maandishi, na tena zina skripti, programu ndogo ndogo ndani ya ukurasa zinazofanya vifungo vijibu, liste zipande, namba zijumlishwe. Skripti zikizuiwa, ukurasa unaonekana mzima kwa macho lakini hausikii. Tulidhani ni virusi tena. Hapana. Ni kijana yule. Alikuwa amesikia kwamba virusi zinapita katika skripti, jambo ambalo lina ukweli wake, basi akafunga JavaScript kwa kurasa zote za dunia, na juu yake akaongeza ekstensheni mbili za kuzuia. Ni sawa na mkulima aliyeona viwavi katika mahindi akanyunyiza dawa mara tatu kwa juma moja: viwavi vimekufa, na majani yameungua.

Katika Chrome, JavaScript inapatikana ndani ya mipango ya kurasa. Tuliirudisha kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Ekstensheni tulizizima zote, tukawasha moja moja, na moja ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kuiweka tukaiondoa kabisa. Tuliangalia na ruhusa za «Notifications»: kurasa saba za mchezo wa bahati na za "mashini yako iko hatarini" zilikuwa na ruhusa ya kuleta matangazo. Matangazo yale ndiyo watu wanasema virusi imerudi, kumbe ni ruhusa ambayo mtu aliitoa siku moja kwa kufinya haraka.

Ukichoka kutafuta kitu kimoja kimoja, Chrome ina njia ya kurudisha mipango yake ya mwanzo, na Firefox inaiita «Réparer Firefox». Kurasa ulizohifadhi na maneno ya siri hayapotei, ila kwa Chrome itabidi uingie upya katika kurasa zako. Lakini Chrome ikiendelea kuandika kwamba inaongozwa na shirika, na ninyi hamna shirika lolote linaloiongoza, basi kuna kitu kimebaki ndani zaidi. Hapo mwite fundi. Na antivirusi iwe moja tu. Mbili zikikaa pamoja mara nyingi zinapigana. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake, bila malipo, na ina uchunguzi unaofanyika kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi. Jazeni batiri ya mashini kwanza. Wale mungali na Windows 7 tunawaambia wazi: tangu 2023 haipati tena Chrome mpya, na msaada wa kawaida wa Windows 10 nao uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Saa kumi za jioni liste ilitoka. Prezida wa koperative alitaka kutuletea chai. Lakini mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo tungepaswa kuliuliza asubuhi: virusi hii ilipokuwa mlangoni, ilisikia nini?

Tukafungua imeili ya koperative, tukaenda katika mipango yake, mahali pa kusukuma barua kwenda anwani nyingine. Kulikuwa na anwani moja humo. Mama kontabule hakuijua. Prezida hakuijua. Kila barua iliyofika, na fakitire za mnunuzi ndani yake, ilikuwa inakwenda pia kwa mtu yule. Chai ilipoa.

Mwizi wa namna hii haibi siku hiyo. Anasoma, anangoja karibu na malipo, kisha anamwandikia mnunuzi kwa jina lenu: tumebadilisha konti ya benki, tuma huku. Tuliondoa anwani ile. Maneno ya siri yote tuliyabadilisha kwa simu safi, si kwa mashini: ya imeili, ya benki, ya ukurasa wa mnunuzi. Tukaitoa imeili katika mashini zote ilimokuwa imefunguliwa, kwa sababu mwizi aliyekwisha kuingia anaweza kubaki ndani hata neno la siri likibadilika. Tukaweka pia uthibitisho wa hatua ya pili kwenye simu ya mama kontabule. Kisha prezida akampigia mnunuzi kwa sauti, kwa namba iliyoandikwa katika mkataba wa karatasi, wala si ile ya ndani ya imeili. Walikubaliana kwamba konti haibadiliki kamwe kwa barua. Inabadilika paka kwa mdomo, prezida na kontabule wote wawili wakiwa kwenye simu.

Mnunuzi alisema bado hajapokea barua yoyote ya namna hiyo.

Tulilala kule. Kesho yake ndipo tulifika kwenye meza na kupima parche. Tulipoaga tulimkuta mama kontabule akifunga uzi mwekundu kwenye flashi moja. Hiyo ndiyo ya kwenda mjini. Ile isiyo na uzi haitoki katika biro, na yenye uzi hairudi ndani ya mashini kabla Defender haijaipitia. Kijana wa mtaa amepewa kazi ya kulinda hilo.