Bomu Lilikuwa Moja, Mbona Fidia Ibague?

Tuseme mama mmoja mzee wa Manga, kule kwenye jabali linalotazama mji wa Kisii, alikuwa na wana wawili jijini Nairobi. Mmoja alikuwa mlinzi wa ubalozi wa Marekani. Mwingine alikuwa karani katika jumba la Ufundi, jirani na ubalozi huo. Ijumaa, Agosti 7, 1998, bomu la al-Qaeda likawaua wote wawili. Majeneza mawili yakaletwa boma moja.

Je, mama huyu angekuwa na haki ya kudai fidia? Kwa mwana mmoja, ndiyo. Kwa mwingine, la!

Mama huyo ni wa kubuni, lakini ubaguzi huo si wa kubuni. Nairobi walikufa watu 213, na maelfu wakajeruhiwa. Waliokufa wakiwa Wamarekani walikuwa 12 tu. Hata hivyo, sheria ya Marekani huwaruhusu raia wake na waajiriwa wa serikali yake kuishtaki nchi iliyowasaidia magaidi. Ndivyo Sudan, iliyompa Osama bin Laden makao miaka ya tisini, ilivyokubali mwaka 2020 kutoa dola milioni 335 kwa waathiriwa wa mashambulizi hayo na mengine. Waajiriwa wa ubalozi wakapata fungu lao. Karani wa Ufundi, mchuuzi na mpita njia hawakuwemo.

Ni kweli kwamba Marekani ilisaidia kulipia matibabu na karo za mayatima. Lakini msaada si fidia. Msaada hutolewa kwa hisani. Fidia hudaiwa kwa haki.

Na serikali yetu je? Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 iliunda hazina ya kuwafidia waathiriwa, itiwe fedha zitokanazo na mali iliyotwaliwa chini ya sheria hiyo. Hazina hiyo iliandikwa miaka 14 baada ya bomu. Tangu hapo tumezika watu 67 wa Westgate mwaka 2013 na 148 wa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, na waathiriwa wa 1998 wameendelea kubisha mlango wa Bunge.

Wenzetu wa Ufaransa walianzisha hazina yao mwaka 1986. Kila anayekata bima ya mali hukatwa kiasi kidogo kuitunisha. Hawangoji mpaka gaidi anaswe na mali yake iuzwe.

Wewe msomaji, ikiwa jamaa yako aliumia au kufa katika mkasa wa aina hii, usitupe karatasi yoyote. Hifadhi cheti cha kifo, barua za hospitali, taarifa ya polisi na barua ya kazi. Mfundishe na mwanao zilipo, kwa maana kesi hizi huwashinda wazee umri.

Wahenga walinena kuwa wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Naam, lakini nyasi za Manga zina jina, zina watoto, na zinalipa kodi. Mama yule hakuwazaa wanawe kwa uchungu tofauti. Kwa nini basi walie machozi ya bei mbili?