Nakivubo: Mfereji, Kijito au Kinamasi?

Katika somo la msamiati wa mazingira huwa tunawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi jepesi: eleza kwa Kiswahili njia ya maji iliyo karibu na mahali unapoishi. Kwa kuwa wengi wao wamepanga vyumba katika mabonde ya Kampala, sehemu kubwa ya karatasi tunazozipokea hueleza Nakivubo, na nyingi huanza namna moja: "Nakivubo ni mfereji mchafu unaopita katikati ya mji." Kisarufi hakuna kosa. Upatanisho wa ngeli umekaa sawa na tahajia ni safi. Hata hivyo, kila tunaposahihisha tunajikuta tumelipigia mstari neno mfereji, kwa sababu linasema kweli juu ya sehemu ya juu tu ya njia ile ya maji na kuificha sehemu ya chini. Katika makala haya tunakusudia kuieleza hiyo sehemu iliyofichwa, kwani humo ndimo yalimo maji tunayokunywa.

Tuanze na umbo la nchi. Kampala imejengwa juu ya vilima vyenye vilele bapa, vilivyofunikwa na tabaka gumu la udongo mwekundu wa mawe, na kati ya kilima na kilima mna bonde pana lenye sakafu tambarare. Mvua inyeshayo hapa, zaidi ya milimita 1,100 kwa mwaka katika misimu miwili, huteremka kwa kasi kwenye miteremko kisha ikifika bondeni hupoteza haraka yake yote, maana bonde halina mwinamo wa kutosha wa kuisukuma. Maji hutuama, na palipotuama maji kwa karne nyingi huota mafunjo. Hiyo ndiyo sababu mabonde ya Buganda kwa asili hayana mito ya kuchuruzika kama ile ya milimani Kigezi au Bugisu. Yana vinamasi vinavyotembea polepole. Mtaa wa Kisenyi, ambao leo mtu huujua kwa gereji na biashara zake, jina lake kwa Kiganda lataja bondeni penye majimaji. Wazee walioupa jina walikuwa wanaeleza ardhi.

Si maji yote ya mji yanayokwenda upande mmoja. Yale ya kaskazini-magharibi huingia kinamasi cha Lubigi, yakafuata Mayanja hadi Mto Kafu, na hatimaye Nile. Yale yanayoteremka kutoka Makerere, Nakasero, Old Kampala, Namirembe, Mengo na Kibuli hukutana Nakivubo na kuelekea kusini-mashariki. Hupita kando ya Kisenyi, nyuma ya soko la Owino, ubavuni mwa uwanja wa mpira wa Nakivubo, chini ya barabara pale Clock Tower, kisha katika eneo la viwanda na mabanda ya Namuwongo. Hadi hapo mwanafunzi wetu ana haki ya kusema mfereji. Njia yenyewe ilinyooshwa na binadamu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipanuliwa na kujengewa kuta kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kupunguza mafuriko katikati ya mji.

Lakini baada ya Bugolobi kuta zinakwisha. Maji yanatandaa katika bonde pana, yanakatizwa na tuta la reli iendayo Port Bell, yanapenya kwenye makalvati, na chini ya reli yanaingia katika eneo ambalo halifanani kabisa na mfereji: nyanda za mafunjo na magimbi kati ya Luzira upande mmoja na Muyenga na Bukasa upande mwingine, hadi ziwani. Ardhioevu ya Nakivubo kwa jumla ni kama kilomita za mraba 5, nayo hupokea maji kutoka eneo la zaidi ya kilomita za mraba 40. Msomaji apige hesabu mwenyewe: kila mita moja ya mraba ya kinamasi inahudumia mita nane au zaidi za mapaa ya mabati, lami, masoko na vyoo vya shimo.

Mahali maji yanapoishia panadai neno ambalo wanafunzi wengi wa Uganda hawajapata kulitumia. Neno hilo ni hori. Mtu wa pwani akisema hori anaweza kuwa na maana ya chombo cha kulishia ng'ombe, au mtumbwi, au mkono mwembamba wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, kama ile mikono inayoizunguka Mombasa. Hori za Mombasa ni mabonde ya mito yaliyozama wakati kina cha bahari kilipopanda. Ghuba ya Murchison, ambamo Nakivubo inaingia, ni jambo lile lile upande wa ziwa. Zamani za mbali mito ya sehemu hii ilitiririka kuelekea magharibi. Ardhi ya magharibi ilipoinuka kandokando ya Bonde la Ufa, mito ilizuiwa, maji yakarudi nyuma na kujaza mabonde, na Ziwa Viktoria likapatikana. Kingo zake zenye mikono na vidole tunavyoviona kwenye ramani ni mabonde yaliyozama. Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862, aliuona mkono huu wa ziwa na kuupa jina la Murchison, mkubwa wa chama cha wanajiografia cha London, na katika maandishi yake aliutaja kama hori wala si ghuba. Kwa maoni yetu alikuwa sahihi zaidi kuliko ramani zilizofuata. Neno ghuba humfanya mtu afikirie maji mapana yanayopigwa na upepo wa ziwa kuu, ilhali sehemu ya ndani ya Murchison ni finyu, haina kina kirefu, na maji yake hayabadilishani upesi na yale ya ziwa wazi. Kinachoingia humo hukaa humo.

Na kinachoingia humo ni kitu gani? Sehemu ndogo tu ya nyumba za Kampala imeunganishwa na mabomba ya majitaka. Zilizobaki hutumia vyoo vya shimo, na katika mitaa ya mabondeni maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, kwa hiyo shimo likichimbwa leo kesho lina maji. Mvua ikija, yaliyomo hutoka. Pamoja nayo huja mafuta ya gereji, uchafu wa machinjio na viwanda, takataka za masoko na mchanga wa miteremko iliyolimwa. Mtambo wa zamani wa majitaka pale Bugolobi ulijengwa miaka ya 1940 kwa mji mdogo, na kwa miongo mingi ulizidiwa. Mtambo mpya uliojengwa karibu nao, wenye uwezo wa kusafisha mita za ujazo 45,000 kwa siku, umesaidia sana, lakini unasafisha kile tu kinachofikishwa kwake kwa bomba au kwa lori la kunyonya vyoo. Choo kilichofurika Namuwongo hakipiti huko.

Hapa ndipo mafunjo yanapoingia kazini, nasi tungependa kukaa kidogo juu ya mmea huu, kwa kuwa walimu wengi huutaja darasani kama "majani ya majini" wakaendelea na safari. Mfunjo, ambao Waganda huuita ekitoogo, una shina la pembetatu lenye kichwa kama ufagio uliofumuliwa, na huweza kurefuka kufikia mita 4 au 5. Haushiki chini ya maji kama mpunga. Mashina yake ya chini hulala na kusukana yakafanya mkeka mnene unaoelea, ambao mtu mzoefu hutembea juu yake. Mizizi huning'inia chini ya mkeka ndani ya maji, mfano wa ndevu. Maji machafu yanapopita polepole chini ya mkeka huo, mchanga na tope hutuama. Vijidudu vilivyojishika kwenye mizizi hula uchafu. Vimelea vya kuhara na kipindupindu hupungua kwa sababu ya muda mrefu wa safari. Nitrojeni na fosforasi, ambazo ni mbolea ya mwani, hufyonzwa na mmea wenyewe na kugeuka kuwa shina. Anayekata mafunjo kwa ajili ya mikeka na dari anaitoa mbolea hiyo majini na kuipeleka nchi kavu, mradi asiyang'oe. (Kwa walimu wa isimu: neno letu karatasi lilitufikia kutoka Kiarabu, nacho kilikuwa kimelitoa kwa Wayunani, ambao waliita hivyo kipande cha kuandikia kilichotengenezwa kwa mafunjo ya Misri. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika juu ya kinamasi kwenye karatasi hajaenda mbali.)

Yote haya yanategemea sharti moja, nalo ni kwamba maji yaende polepole na yatandae. Mfereji una sifa iliyo kinyume kabisa, kwani mfereji mzuri ni ule unaoyaondoa maji mbio. Kila mita ya kuta za zege inayoongezwa juu ya bonde huyafikisha maji kwenye kinamasi yakiwa mengi kwa mara moja na yenye kasi zaidi, nayo hujichimbia njia moja ya katikati na kufika ziwani bila kugusa mizizi. Mkulima wa magimbi anayechimba mitaro kukausha kipande chake anafanya jambo lile lile kwa kiasi kidogo. Hatumlaumu upesi. Udongo ule ni mweusi na wenye rutuba, haukauki hata kiangazi, na gimbi hupata mnunuzi Owino jioni ile ile. Lakini chini ya reli, mahali palipokuwa na mafunjo matupu, leo kuna magimbi na miwa kwa eneo kubwa, na mstari wa mafunjo uliobaki umesogea kuelekea ziwani mwaka hadi mwaka.

Kwa nini mkazi wa Ntinda au Wandegeya, asiyepita hata siku moja Namuwongo, ajali? Kwa sababu ya Gaba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Kampala imekuwa ikivuta maji yake ya kunywa pale Gaba, kwenye ukingo wa hori ile ile ya Murchison, kilomita kama nne tu kutoka Nakivubo inapoingilia. Mtambo wa Gaba huyachuja na kuyatia dawa, na maji yanayotoka bombani ni salama. Gharama ndiyo inayopanda. Fosforasi isiyokamatwa na mafunjo hulisha mwani, mwani huyafanya maji kuwa ya kijani na kuziba vichujio, na dawa ya kusafishia huongezwa. Mwaka 1999 wachumi wa mazingira walikadiria kwamba kazi ya kusafisha maji inayofanywa bure na kinamasi cha Nakivubo ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 mji ulianza kupata maji kutoka mtambo mpya wa Katosi, wilayani Mukono, ambako maji huvutwa kutoka sehemu ya ziwa iliyo wazi, mbali na uchafu wa mji. Ulikuwa uamuzi wa busara, ila tusisahau kwamba bomba la kutoka Katosi ni refu na yote hayo yanalipiwa.

Mjadala huu haujapoa. Mwaka 2025 Kampala ilibishana kwa ukali juu ya mpango wa kuufunika mfereji katikati ya mji na kujenga maduka juu yake, na mwishoni mwa Oktoba mwaka huo mafuriko yaliingia madukani na kuwaharibia wafanyabiashara mali. Waliotetea walisema uchafu na harufu vitaondoka machoni mwa watu. Waliopinga waliuliza maji yatapita wapi na nani atayazibua yakiziba. Sisi tuliousikiliza ubishi ule redioni, kwa Kiganda na kwa Kiingereza, tuliona kwamba pande zote mbili zilizungumzia mfereji. Yaliyoko chini ya reli hayakutajwa sana.

Hapo ndipo kazi yetu ya lugha inapoanza. Kiswahili kina maneno ya kutosha, na kila moja lina kazi yake. Kijito ni maji madogo yanayopita yenyewe. Mfereji na mtaro huchimbwa na mtu. Kinamasi ni ardhi iliyoloa na kunata, na ardhioevu ni istilahi ya kitaalamu inayokusanya vinamasi, mabwawa na kingo za maziwa. Hori tumekwisha kuieleza. Kuna pia tingatinga, neno la zamani la kinamasi, ambalo siku hizi karibu kila mtu hulitumia kwa mashine kubwa inayosukuma udongo. Mwanafunzi wetu mmoja alipoona maana zote mbili katika kamusi alicheka akasema kwamba tingatinga moja limekuja kulifukia jingine.

Kuanzia muhula huu zoezi limebadilika. Wanafunzi huanzia Clock Tower, hufuata maji kwa miguu hadi kwenye tuta la reli, kisha hupanda bodaboda kuzunguka hadi Gaba, na katika kila kituo huandika jina la kile wanachokiona pamoja na sababu ya kuchagua jina hilo. Karatasi za kwanza zimerudi. Sehemu iliyowashinda ni ile ya kwenye makalvati ya reli, ambako maji huingia upande mmoja yakiwa meusi, yamebanwa na yana haraka, na upande wa pili hutokeza katikati ya magimbi. Kundi moja liliandika mfereji, likafuta, likaandika kijito, likafuta tena, na mwishoni likaacha nafasi tupu yenye alama ya kuuliza. Tuliwapa alama zote.