Mafuriko katika Mtandao wa Kompyuta: Swichi Inaposahau

Tangu ulipoanza kujengwa mwaka 2009, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepitishwa Iringa na Mbeya kuelekea mipaka ya Zambia na Malawi, na sasa mhadhara unaotolewa Mbeya waweza kupokewa Iringa papo hapo, kwa picha na sauti. Hata hivyo, wengi waliotumia maabara za kompyuta wanaijua adha hii: waya wa nje ni mzima, umeme upo, kompyuta zote zinawaka, na bado faili dogo la mtihani halifunguki. Hapo lawama hutupiwa kampuni inayouza intaneti, au virusi, na pengine fedha za shule hutumika kununua vifaa vipya ambavyo navyo vitaugua ugonjwa ule ule. Kumbe kosa huweza kuwa ndani ya chumba, katika kisanduku kiitwacho swichi.

Swichi hii si ile ya kuwashia taa. Ni kisanduku chenye matundu 8, 24 au 48 ya kuchomekea waya za kompyuta. Mafundi huyaita milango. Kazi yake yafanana na ya karani wa posta apangaye barua masandukuni. Kila kompyuta ina anwani yake ya kiwandani, yenye biti 48. Fremu, yaani fungu dogo la habari, inapoingia, swichi husoma anwani ya mpelekaji na kuandika daftarini kwamba mwenye anwani hiyo yuko mlango fulani. Tuzingatie jambo hili: swichi humjua asemaye, si asemeshwaye. Ikipata fremu ya mtu asiyemo daftarini, haimrudishii mpelekaji kama posta ifanyavyo, bali huinakili na kuitoa katika milango yote isipokuwa ule ilikoingilia. Mwenyewe akijibu, huandikwa, na fremu zinazofuata humwendea yeye peke yake.

Lakini maandishi hayo hayadumu. Swichi nyingi humfuta aliyekaa kimya kwa sekunde 300, yaani dakika 5.

Hebu tuchukue mfano. Chuo kimoja Iringa kina kompyuta ya kurekodi mihadhara mitano itokayo Mbeya, kila mmoja kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Kompyuta hiyo hupokea tu, haisemi neno. Mihadhara huingia kupitia rauta, ambayo ina daftari lake jingine la kulinganisha anwani za intaneti na zile za kiwandani. Katika rauta nyingi za Cisco maandishi ya daftari hilo hudumu saa 4. Baada ya dakika 5 swichi imekwisha kuisahau kompyuta ya kurekodi, nayo rauta bado inaikumbuka na inaendelea kuipelekea fremu bila kuuliza. Matokeo ni kwamba megabiti 100 kila sekunde zinamwagwa katika kila mlango. Mlango wa kasi ya megabiti 100 hujaa pomoni, na mwanafunzi aliyeko huko hapati nafasi ya kupitisha chochote. Hakuna kifaa kilichoharibika: ni madaftari mawili yasiyopatana muda.

Fundi atalitambuaje? Achomeke kompyuta katika mlango mtupu na kuendesha programu ya kuchungulia fremu, kama Wireshark. Kwa kawaida ataona fremu zake na matangazo ya wote tu. Akiona fremu nyingi, tena tofauti tofauti, zote zikimwendea mtu mmoja ambaye si yeye, aiamuru kompyuta hiyo ya mbali itume ujumbe wowote mdogo. Mafuriko yakikoma mara moja, kisha yakarudi baada ya dakika 5 za kimya, shaka imekwisha. Dawa ni kuzidisha muda wa kumbukumbu wa swichi upite ule wa rauta, au kupunguza ule wa rauta uwe chini ya sekunde 300. Rauta ikiuliza, kompyuta hulazimika kujibu, na swichi huiandika upya.

Akiona fremu ile ile ikirudi mara maelfu, huo ni ugonjwa mwingine. Mtu amechomeka ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi, au ameziunganisha swichi mbili mara mbili, na fremu zinazunguka bila kikomo kwa kuwa hazina hesabu ya safari. Mwaka 1985 mtaalamu wa Marekani, Radia Perlman, alibuni utaratibu wa swichi kushauriana na kuzifunga njia za ziada. Nao una mipaka yake: Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston uliukiuka ukubwa wa utaratibu huo, na kwa siku kadhaa waganga walirudia karatasi.

Utaratibu huo wenyewe unaweza kuleta usahaulifu. Mlango unapowaka au kuzimika, swichi hutangaziana kuwa njia zimebadilika, na muda wa kumbukumbu hushuka kutoka sekunde 300 hadi 15. Maabara yenye kompyuta 40 zinazowashwa asubuhi, au umeme unaokatika na kurudi wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili, huzalisha matangazo hayo mfululizo. Milango inayoelekea kwenye kompyuta tu yafaa iandikishwe katika swichi kuwa ni ya pembeni, ili kuwaka kwake kusitangazwe.