Taa Nyekundu Katika Kombi Kuukuu

Kombi za Volkswagen za miaka ya 1960, zilizotengenezwa Ujerumani na kutiwa vitanda na jiko, zingali zikisafirisha jamaa. Taa nyekundu ya chaji iwakapo njiani, dereva asidhani kuwa ni betri tu inayodhoofika. Mkanda uzungushao dainamo ndio uzungushao feni ya kupoza injini, nayo haipozwi kwa maji. Mkanda ukikatika, injini huweza kuungua. Basi asimame mara moja, aizime injini, autazame mkanda. Ukiwa mzima na umekazwa, apime betri injini ikiongezwa kasi: ile ya volti 12 yapasa kufikia 14 hivi. Isipopanda, kasoro imo katika kaboni za dainamo, kidhibiti chake, au waya uliolegea. Mkanda wa akiba ni rahisi kuliko injini mpya.