Urithi wa dunia uko Kolo, fedha zake bado zinapita njiani

ANAYESAFIRI kwa basi kutoka Dodoma kwenda Babati na Arusha anaweza kuipita Kolo bila kujua. Ni kijiji cha kando ya barabara, kilomita 20 na ushee kaskazini mwa mji wa Kondoa, chenye maduka ya kawaida, mashamba ya mahindi, mtama na alizeti, na ofisi ya mambo ya kale. Lakini vilima vinavyokizunguka vimeandikwa katika orodha moja na Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro.

Mwaka 2006 Kamati ya Urithi wa Dunia, iliyokutana Vilnius, Lithuania, chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO), iliingiza Michoro ya Miambani ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lenyewe lina kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Michoro myekundu ya watu na wanyama iliachwa na wawindaji na wakusanyaji wa zamani, na ile myeupe ikaja baadaye, wakati wa wakulima na wafugaji. Mtafiti Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1983.

Swali la mkulima wa Kolo ni jepesi: heshima yote hiyo inamletea nini?

Jina, si hundi

Watu wengi hudhani kuwa eneo likishaingia katika orodha ya UNESCO, fedha za nje huanza kumiminika. Sivyo. Chini ya mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, jukumu la kulinda eneo ni la nchi yenyewe. Mfuko wa Urithi wa Dunia upo, lakini ni mdogo, na nchi nyingi huuombea msaada wa wataalamu, mafunzo na matengenezo ya dharura.

Kinachotolewa na UNESCO ni jina na masharti. Jina humfanya msafiri aliyeko Ujerumani au Japani ajue kuwa Kondoa ipo. Masharti huibana serikali isiache eneo liharibike. Kilwa ni mfano mzuri. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na ulinzi iliyosaidiwa na wafadhili wa nje.

Mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya Kondoa kuorodheshwa, kamati hiyo hiyo ilikutana Christchurch, New Zealand, na kuongeza jamii zinazoishi jirani na urithi katika malengo yake makuu. Kwa maneno mengine, mwanakijiji ana haki ya kuuliza nafasi yake iko wapi.

Barabara imefika, mgeni hasimami

Mashirika mengine yamesaidia kwa njia tofauti. Kwa miaka mingi barabara ya Dodoma hadi Babati ilikuwa ya vumbi na matope, na masika yalipokuja safari ilikuwa ya kubahatisha. Lami ya kilomita 251 ilizinduliwa mwaka 2018, na sehemu yake kubwa ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Japani.

Barabara hiyo inamsaidia mwenye gunia la alizeti. Kwa biashara ya utalii, hata hivyo, ina pande mbili. Gari la wageni linaweza kutoka Arusha na chakula ndani ya maboksi na maji ya chupa, likasimama Kolo kwa kiingilio na mwongozaji, kisha likaenda kulala kwingine. Mgeni ameridhika, serikali imepata chake, lakini mama lishe hakuuza hata sahani moja.

Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilianzisha mwaka 2002, katika mkutano wa Johannesburg, mpango wa kutumia utalii endelevu kupunguza umaskini. Msingi wake ni kuwa utalii haustahili kuitwa endelevu kama unalinda mawe na kumwacha mwenye shamba la jirani mikono mitupu.

Mfano wa karibu upo kaskazini. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la SNV la Uholanzi lilishirikiana na Bodi ya Utalii kuanzisha utalii wa kitamaduni vijijini, zikiwamo Longido na Mto wa Mbu. Wageni huongozwa na vijana wa hapo hapo, hula chakula cha hapo hapo, na sehemu ya malipo huingia katika mfuko wa maendeleo ya kijiji.

Somo la HADO

Wazee wa Kondoa wanaujua msaada wa nje kwa utamu wake na uchungu wake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden ili kuzuia makorongo yaliyokuwa yakila mashamba. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Nyasi na miti vilirudi, lakini wafugaji ndio waliobeba gharama. Baadaye ng'ombe wa kulishwa zizini waliporuhusiwa, hifadhi na maziwa vilianza kwenda pamoja.

Michoro nayo inahitaji hesabu hiyo. Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji, na mila hizo ni sehemu ya sababu zilizoifanya Kondoa iorodheshwe. Lakini pombe na mafuta yakirushwa ukutani, rangi huharibika. Wapo pia wanaochimba mapangoni wakiamini kuwa Wajerumani walificha mali humo, na wanaokata kuni vilimani. Amri peke yake haiwezi kuwazuia. Wazee wa mila wakipewa nafasi ya kupanga mahali pa kutambikia mbali kidogo na ukuta wenye michoro, na kijana akipata riziki kwa kuongoza wageni, ulinzi utakuwa kazi ya kila mtu.

Msimu unaomfaa mkulima

Kuna jambo moja linaloipendelea Kolo. Kondoa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Watalii wengi huja Tanzania kati ya Juni na Oktoba, wakati mavuno yako ghalani na kazi za shamba zimepungua.

Mtaji mkubwa si lazima. Kikundi cha akina mama kinaweza kukubaliana na waongozaji kuhusu chakula cha mchana cha kuagizwa mapema: ugali wa mtama, kuku wa kienyeji, mboga. Mfugaji wa nyuki anaweza kufungasha asali katika chupa safi zenye jina la kijiji. Mwenye nyumba yenye chumba cha ziada na choo kizuri anaweza kumlaza mgeni. Usafi, bei inayoeleweka na kutimiza ahadi ndivyo vitakavyomfanya mwenye gari la wageni asimame tena.

Halmashauri ya kijiji nayo inapaswa kujua ni wageni wangapi wanafika, wanalipa nini, na ni kiasi gani kinabaki kijijini, kisha hesabu hizo zisomwe mbele ya mkutano mkuu. Mashirika ya kimataifa yameitangaza Kolo na kusaidia kuifikishia lami. Kumfanya mgeni ashuke garini na kufungua pochi ni kazi iliyobaki kwa watu wa Kolo wenyewe.